Arifa Ijue Inaongea na Nani

Kompyuta za dukani kwa Mjomba zilikuja kwa kontena, mtumba wa ofisi za Ulaya. Mbili zilikuwa za mezani, zenye prosesa za Core 2 Duo na RAM ya GB 2 kila moja. Ya tatu ilikuwa laptopu ya GB 4 yenye betri iliyochoka. Hizo ndizo zilizolisha duka. Zilichapa barua za maombi ya kazi, kadi za michango ya harusi, mihtasari ya vikao vya vikoba na, ukifika msimu wa utafiti, ripoti za wanafunzi wa vyuo. Duka liko Morogoro, karibu na stendi ya Msamvu, kwa hiyo wateja wengi huingia na begi begani huku masikio yakiwa kwa wapiga debe. Hawana muda wa kuisubiri mashine ifikiri.

Januari 14, 2020, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya Windows 7, ambayo ndiyo iliyokuwa kwenye mashine zote tatu. Mjomba akaniita. "Mpwa wangu, tafuta njia," alisema. "Mashine mpya hazimo kwenye mahesabu ya mwaka huu." Aprili ilipotoka Xubuntu 20.04 nikaiweka, na ndani yake ikaja Xfce 4.14. Sehemu kubwa ya ninachokijua leo kuhusu arifa, na kuhusu madoido ya skrini kwa jumla, nilijifunza nyuma ya kaunta ile.

Xfce ni mazingira ya eneokazi yaliyoanzishwa na Mfaransa Olivier Fourdan mwaka 1996. Nembo yake ni panya. Wepesi wake unatokana kwa kiasi kikubwa na mgawanyo wa kazi: xfwm4 inasimamia madirisha, xfdesktop inachora mandhari ya nyuma, paneli ina programu yake, na xfce4-notifyd inapokea arifa kutoka programu nyingine na kuzionyesha kwenye kona ya skrini. Kila kipande kina mipangilio yake, na vingi vinaweza kuzimwa bila kuviangusha vingine. Kwenye mashine ya GB 2 mpangilio huo unakufundisha kukihoji kila kitu: wewe unafanya kazi gani hapa?

"Kaka, kazi imefutika!"

Nilizigawia mashine maeneo manne ya kazi: Uchapaji, Picha, Mtandao na Hesabu. Wazo la kumpa mtu skrini kadhaa ndani ya kioo kimoja ni la zamani. Mwaka 1986 Austin Henderson na Stuart Card wa Xerox PARC, huko California, walieleza mfumo wao ulioitwa Rooms. Waliona kwamba mtu akishika kazi moja hutumia kundi fulani la madirisha, akihamia kazi nyingine hutaka kundi jingine, na kioo kikiwa kidogo muda wake unaishia katika kufunua na kufunika. Wakalipa kila kundi chumba chake, na vyumba wakaviwekea milango. Nasi dukani tulikuwa na vioo vidogo vilevile na vurugu ileile: barua ya mtu chini ya picha ya pasipoti ya mwingine, na juu ya zote daftari la mauzo.

Xfce ina njia kadhaa za kukuhamisha. Ctrl na F1 hukupeleka eneo la kwanza, Ctrl na F2 la pili, na kuendelea. Lakini ipo njia nyingine isiyojitangaza: kipanya kikiwa juu ya sehemu tupu ya eneokazi, ukizungusha gurudumu lake unahama. Dada anayetuchapia alikuwa katikati ya barua ya mteja, kipanya kikateleza pembeni ya dirisha, kidole kikagusa gurudumu, na barua ikatoweka. "Kaka, kazi imefutika!" Mteja akasimama na begi lake. Barua ilikuwa salama kwenye eneo la kwanza. Wao walikuwa wanatazama la pili, lenye mandhari yaleyale na paneli ileile, bila dalili yoyote kwamba wamehama.

Kulizuia gurudumu ni jambo la kuondoa tiki moja kwenye mipangilio ya ziada ya madirisha, sehemu ya maeneo ya kazi. Nililifanya mchana uleule. Hata hivyo vitufe navyo hubonyezwa kwa bahati mbaya, na mtu asiyejua kwamba amehama hawezi kujua kwamba anaweza kurudi. Kilichokosekana kilikuwa sentensi moja fupi kutoka kwenye mashine: sasa uko hapa.

Kadi ya sekunde moja

Sentensi hiyo niliitengeneza kwa vipande vilivyokuwa tayari ndani ya mfumo. Chini ya madirisha yote kuna dirisha mama, na programu zinazosimamia madirisha kwenye Linux zimekubaliana kuandika humo mambo kadhaa kwa majina yanayofahamika. Mojawapo ni _NET_CURRENT_DESKTOP, nambari ya eneo ulilopo, ikihesabiwa kuanzia 0. Jingine ni _NET_DESKTOP_NAMES, orodha ya majina ya maeneo. Amri ya xprop ikipewa chaguo la -spy hukaa macho: kila nambari inapobadilika, inatoa mstari mpya. Skripti yangu fupi iliusoma mstari huo, ikachukua jina linalolingana nao, kisha ikaita notify-send. Kwenye kona pakatokea kadi yenye neno moja, "Uchapaji". Niliipa -t 1000, yaani sekunde moja, maana kipimo chake ni milisekunde. Muda wa kawaida wa xfce4-notifyd ni sekunde 10, na hizo ni nyingi mno kwa kusoma neno moja.

Matumizi yalionyesha kilichobaki. Mtu akipita haraka kutoka eneo la kwanza hadi la nne, kadi tatu zilipangana kwenye kona, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimekwisha kuwa uongo: zilitaja mahali alipokwisha kupaacha. Kanuni za arifa za freedesktop, ambazo programu nyingi za Linux huzifuata, zinairuhusu arifa mpya kutaja nambari ya ile ya zamani na kuketi mahali pake. Nikaifuata njia hiyo, na kuanzia hapo kona ikawa na kadi moja, yenye jina la mahali ulipo. Tangu siku hiyo kila arifa naikagua kwa swali la umri wake: itabaki kuwa kweli kwa muda gani? "Karatasi zimekwisha" ni kweli mpaka mtu aongeze karatasi. "Umehamia Picha" ni kweli mpaka kitufe kinachofuata kibonyezwe. Arifa inayokaa kuliko ukweli wake humfundisha mtu kuacha kuzisoma zote.

Kadi ilifanya kazi yake. Kelele za kazi kufutika zikakoma, na wateja wakaacha kushtuka. Miezi ikapita, kisha dada yuleyule akaniambia, bila kuinua macho kwenye kibodi, "Kaka, hiyo kadi niondolee. Najua nilipo." Alikuwa anasema kweli. Vidole vyake vilikwenda Ctrl na F1 kabla jicho halijafika konani, na kadi ilikuwa inamweleza jambo alilolitenda mwenyewe nukta moja iliyopita. Mjomba, aliyekuwa akisikiliza kutoka kaunta, akadakia: "Yangu usiguse."

Ombi lile liligongana na jibu lile, na kwangu hapo ndipo palipo na kiini cha jambo zima. Kadi ilikuwa ileile, skripti ileile, sekunde ileile. Thamani yake ilitegemea anayeitazama anajua nini tayari. Kwa bahati njema Xfce huweka mipangilio ya kila mtumiaji ndani ya folda yake, chini ya .config/xfce4, kwa hiyo kila mmoja akiingia kwa akaunti yake anaikuta nyumba ilivyopangwa kwa ajili yake. Dada akaondolewa kadi, Mjomba akabaki nayo, na hakuna aliyemlazimisha mwenziwe.

Mchemraba uliojaza chumba

Mazungumzo yale yalinirudisha chuoni. Mwaka 2006 ilizinduliwa Compiz, kazi ya David Reveman aliyekuwa Novell, na sifa zake zilitufikia bwenini baadaye kidogo. Mwenzetu mmoja alikuwa na kompyuta yenye kadi ya michoro ya kueleweka. Alipobonyeza vitufe, eneokazi lake likageuka mchemraba, kila upande ukiwa na madirisha yake, ukazunguka polepole mbele yetu. Chumba kilijaa watu. Wengine walikuja kuona tu, wakaondoka wakisema hayo ni mapambo.

Naukumbuka mchemraba ule kwa heshima kubwa zaidi sasa. Wengi wetu tulikuwa tumeelezwa habari za maeneo ya kazi na hatukuelewa; vipi dirisha liwepo na lisionekane? Mchemraba ulilijibu swali hilo kwa mzunguko mmoja: dirisha lako liko upande ule, halijafa, limegeukia ukutani. Hakuna maelezo ya mdomo yaliyowahi kufika hapo upesi hivyo. Doido lile lilikuwa somo kamili.

Tatizo lake ni kwamba halikujua kuacha kufundisha. Mtu aliyekwisha kuelewa alizungushiwa somo lilelile kila alipohama, akisubiri mzunguko umalizike ndipo aendelee na kazi yake, na kadi ya michoro ikichapa kazi kila mara. Mwenye mchemraba mwenyewe aliuzima baadaye, akauwasha tu alipopata wageni.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba madoido yote ni upuuzi, wala na wanaoyawasha yote kwa sababu yapo. Doido na arifa ni kauli za mashine, na kauli hupimwa kwa msikilizaji. Yenye kumjulisha mtu jambo asilolijua, wakati anapolihitaji, ina haki ya kuchukua sehemu ya kioo na ya jicho lake. Akishalijua, haki hiyo imekwisha.

Ujumbe wa mteja mbele ya mteja

Arifa zilizotusumbua kuliko zote hazikutoka kwenye Xfce. Katika duka la uchapaji faili nyingi huja kwa WhatsApp: mteja anakutumia cheti chake, unakifungua kwenye kivinjari, unachapa. Kivinjari kikiruhusiwa kutoa arifa, kila ujumbe unaoingia huchungulia kwenye kona. Siku moja aliketi mbele ya kioo mteja aliyekuja kuhakiki jina lake kwenye barua, na juu ya barua ile ikajitokeza habari ya deni la mtu mwingine kabisa, jina na kiasi. Mteja akatazama pembeni kwa adabu. Sote tulijua ameisoma.

Hapo nilitambua kwamba swali la "anayetazama anajua nini" lina pacha wake: nani anatazama? Kioo cha dukani kina macho mengi. Mipangilio ya xfce4-notifyd inaziorodhesha programu zilizowahi kutuma arifa, na kila moja ina swichi yake ya kunyamazishwa. Kivinjari kikanyamazishwa moja kwa moja. Ujumbe unasomwa dada anapoufungua mwenyewe, kioo kikiwa kimemwelekea yeye.

Baada ya hapo nilizipitia nyingine moja moja. Arifa ya "umeunganishwa na mtandao" ilikuwa ikitokea kila ruta ilipoyumba, nayo ikoni ya mtandao kwenye paneli inasema jambo hilohilo saa zote, nikaizima. Arifa ya printa kukosa karatasi ilibaki, maana kazi haiendi mbele bila mkono wa mtu. Arifa ya betri ya laptopu kukaribia kuisha ilipewa heshima ya juu kabisa, kwa sababu umeme wetu una mambo yake na ripoti ya kurasa 80 haichapwi mara mbili kwa furaha.

Kanuni za freedesktop zinagawa arifa katika madaraja matatu: ya chini, ya kawaida na ya dharura. Ya dharura haitakiwi kuondoka yenyewe mpaka mtu aiondoe. Ukiwasha hali ya usinisumbue kwenye xfce4-notifyd, za kawaida hunyamaza na kuweza kuhifadhiwa kwenye kumbukumbu za arifa, lakini za dharura hupita. Ni mpango mzuri wenye udhaifu mmoja: daraja huchaguliwa na anayetuma, na ni wachache wanaotuma kitu wakikiona ni cha chini. Konda wa daladala analijua somo hili kuliko waandishi wengi wa programu. Hugonga bati pale tu dereva anapotakiwa kufanya kitu, asimame au aondoe gari. Hagongi kumjulisha kwamba abiria wameketi vizuri. Ndiyo maana dereva akisikia bati hageuki nyuma kuuliza.

Mjomba alinihoji kama usumbufu wote huo wa kupanga una faida ya fedha, kwa kuwa dada alikuwa anamaliza kazi kwa kasi ileile kabla na baada. Nilimjibu kwa utafiti wa mwaka 2008 wa Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, akiwa na Daniela Gudith na Ulrich Klocke. Waliwapa watu kazi ya kujibu baruapepe, wakalinganisha kazi iliyokatizwa katikati na isiyokatizwa. Waliokatizwa walimaliza haraka zaidi, na ubora wa kazi haukupungua. Ila walitoka na msongo zaidi, kero zaidi na hisia kali zaidi ya kufukuzwa na muda. Kwa maneno mengine, gharama haionekani kwenye hesabu ya kurasa. Inaonekana jioni, kwa mtu mwenyewe. Mjomba alifikiri kidogo, kisha akasema, "Basi ndiyo maana saa kumi alikuwa haongeleki."

Vivuli na uwazi

Madoido ya xfwm4 hutoka kwenye kompozita yake, ambayo huunganisha picha za madirisha yote kabla ya kuyaweka kiooni. Ukiizima unaokoa nguvu kidogo. Ukiiwasha unapata vivuli, uwazi, na katika 4.14 njia bora ya kulinganisha uchoraji na mwendo wa kioo, ili kurasa zisionekane kama zimepasuka katikati unapozishusha. Kwa mtu anayeshusha ripoti ndefu kutwa nzima, faida hii ya mwisho peke yake ilitosha kuiacha iwake.

Vivuli navyo tulivihifadhi. Madirisha mawili meupe yakilaliana bila kivuli, mpaka kati yao unapotea na jicho linalazimika kuutafuta. Kivuli chembamba kinasema lipi liko juu. Uwazi ulikuwa kesi tofauti. Xfwm4 inaweza kulififisha kila dirisha lisilotumika, na kwa mtu wa dirisha moja hilo linaonyesha vizuri kibodi inaandika wapi. Lakini dada huchapa akisoma: kushoto kuna picha ya muswada wa mkono, kulia kuna ukurasa anaouandika. Dirisha analolisoma ndilo "lisilotumika" kwa maana ya kompyuta, kwa hiyo lilelile alilolihitaji ndilo lililofifia. Kwake tuliyaacha madirisha yote na ukolezo kamili, tukachagua mtindo wa mwonekano ambao kichwa cha dirisha linalotumika kina rangi nzito. Mashine ikaendelea kueleza jambo lilelile, mahali pasipomzuia kusoma.

Kwa Mjomba mambo yalikwenda upande wa pili. Macho yake yamechoka, na yeye alitaka zaidi, si pungufu. Nilimwonyesha kwamba akishika Alt na kuzungusha gurudumu, skrini nzima inakuzwa na kumfuata kipanya kinakokwenda. Kadi zake za arifa nilizipa maandishi makubwa meusi juu ya njano, zisizo na uwazi hata kidogo. Mitindo ya mwonekano ya xfce4-notifyd imeandikwa kwa CSS, kwa hiyo ni suala la kuhariri faili moja ya maandishi. Kijana mmoja wa chuo aliyekuwa akisubiri nakala zake alizicheka zile kadi kwa ubaya wa sura. Mjomba alimjibu kwa upole: "Mwanangu, hizi zinaongea na mimi."

Tangu wakati huo sijawahi kumpa mtu mipangilio yangu nikamwambia ndiyo bora. Mtu akiniomba nimwekee Xfce, naanza na kimya: arifa za programu zote nazizima isipokuwa betri na printa, madoido naacha kivuli peke yake, kisha namwachia mashine. Anaporudi kulalamika ndipo kazi ya kweli inapoanza, maana lalamiko lake linataja hasa kile asichokijua na anachokihitaji. "Sikujua faili limeshashuka" ni arifa moja inayodai kuwashwa. "Nilipotea" ni kadi ya eneo la kazi. Asichokililia hakimpungukii.

Hivi karibuni Mjomba amemchukua kijana mpya wa kujifunza kazi. Kwenye akaunti yake nimeiwasha kadi ya maeneo, kwa sekunde moja ileile, na nimemwonyesha mahali inapozimwa. Sikumpangia tarehe. Nilimwambia tu kwamba siku itakapoanza kumkera, aizime bila kuniomba ruhusa, kwa sababu siku hiyo atakuwa amekwisha kujua alipo.